Miaka Kumi na Moja Mbele ya Makokha

Ukienda ziwani ukaambiwa kazi yako ni ya mbele, usifurahi na usinune. Kaa kwanza nikueleze ni kazi gani. Mimi niliifanya miaka kumi na moja, sikuipenda hata siku moja, na sijaona mtu aliyeifanya vizuri kuliko mimi. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja bila shida yoyote.

Nawaandikia nyinyi vijana wa hapa Kitale, na wale wa kwetu Bungoma mnaopitia kwangu kunywa chai kabla ya kupanda lori la kwenda Turkana kutafuta kazi za boti. Mnaniita Nahodha, mnataka hadithi za nahodha. Ninayo moja, lakini nahodha wake si mimi. Ni Makokha, aliyekufa kwenye vita vya mlimani, na nilimwonea wivu tangu tukiwa tunapanga majani ya tumbaku pamoja kule Malakisi. Nikisema wivu simaanishi ule wa kucheka nao. Namaanisha ule unaokunyima usingizi ukiwa umeshiba.

Basi kazi yenyewe. Boti yetu ilikuwa ya mbao, ndefu, na injini yake nyuma. Nahodha huketi nyuma ameshika mkono wa injini. Kutoka pale haoni maji ya karibu, anaona migongo ya watu na rundo la nyavu. Anayeona ni yule aliyesimama mbele na upondo, ule mti mrefu wa kupimia kina. Injini ina kelele, hamwezi kuitana, kwa hiyo mnaongea kwa mkono. Mkono wa kulia ukinyooka, nahodha anakata kulia. Wa kushoto ukinyooka, anakata kushoto. Kiganja kikishuka, anapunguza moto. Ukikunja ngumi, anazima.

Karibu na ufuo maji ya ziwa lile yamemeza miti, na visiki vyake vimebaki chini vikingoja mbao za watu. Kisiki hukioni. Unachoona ni mahali padogo maji yametulia huku mengine yote yana mikunjo. Kiboko naye hutuliza maji vivyo hivyo, ila utulivu wa kiboko husogea. Ukiona utulivu umekaa pale pale, zunguka. Ukiona unatembea, zunguka mbali zaidi na usiwaambie abiria kwa nini.

Sasa niambieni, mwenye macho ni nani hapo? Ni mimi. Lakini boti ikifika salama, wachuuzi pale ufuoni walisema nini? Walisema, "Makokha amefika." Miaka kumi na moja, hakuna aliyewahi kusema Wanyonyi amefika, na mimi ndiye niliyekuwa nafika kwanza, kwa futi ishirini nzima.

Nikiwa mbele nilijifunza jambo moja ambalo hamtaambiwa na mtu mwingine, kwamba ukisimama pale mkono wako si wako tena. Siku moja tunarudi tumejaza mbuta na ngege, jua kali, nzi mmoja mkubwa akatua sikioni mwangu. Nikampiga kwa mkono wa kushoto. Nilifanya hivyo tu, kama mtu yeyote. Makokha nyuma akaona mkono wa kushoto umenyooka, akakata kushoto kwa nguvu zake zote, tukapanda fungu la mchanga hadi katikati ya boti. Tulikaa juu ya mchanga kutoka saa nne asubuhi hadi upepo wa jioni ulipoinua maji, na samaki wote wakaharibika. Nzi hata sikumpata.

Nilijua nitafukuzwa. Mwenye boti alikuwa Mama Njoki, mwanamke ambaye wazazi wake walitoka upande wa Nyeri wakanunua shamba Trans-Nzoia. Yeye alikuwa na kibanda kikubwa cha samaki hapa Kitale na hakuwa mtu wa kuchezea mali. Tulirudi Kitale na lori tupu. Nilikuwa nimejiandaa kusema ukweli, naapa nilikuwa nimejiandaa, lakini Makokha akanitangulia.

"Mama, ni mimi nirikosa," akasema. Ulimi wake ulikuwa wa kwetu kabisa, l na r zilibadilishana viti zipendavyo. "Nirikuwa naangaria ndege."

"Ndege?" Mama Njoki akauliza.

"Ndege ya kuruka. Kuna wengi huko, mama, wa rangi ya pinki."

Mama Njoki akamwangalia, akacheka mpaka akashika meza, akamsamehe pale pale. Wateja wakacheka. Hadithi ya Makokha na ndege wa pinki ikazunguka soko zima kwa mwaka mzima, na kila ilipozunguka watu walimpenda zaidi. Mngekuwa nyinyi mngemshukuru. Mimi nilikaa nyuma ya kibanda nimekunja uso, nikiwaza kwamba mtu huyu ameniibia hata kosa langu.

Niwaeleze Makokha alikuwa nani. Kwao ni upande wa Lwakhakha, kule mpakani na Uganda, kwetu ni karibu na Kimilili. Tulitahiriwa msimu mmoja, Agosti ile ile, kwa hiyo alikuwa bakoki yangu. Kwa wasio Wabukusu, bakoki ni mwenzako wa tohara. Anaweza kukutukana mbele ya mkwe wako na usiseme kitu. Na akikuita, unaenda. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini bakoki akikuita hukuni kichwa ukitafuta sababu. Unaenda, sababu utaisikia ukifika.

Alikuwa mfupi kuliko mimi. Nasema hivyo kwa sababu ni moja kati ya mambo machache niliyomzidi, na sitaliacha. Kwa mengine alinipita bila hata kujua tunashindana. Injini niliyovuta kamba mara nne ikikohoa, yeye aliigusa mara moja ikawaka. Mimi nilikuwa nachota maji ndani ya boti mpaka viganja vinatoka malengelenge, yeye anapiga soga na watu wa boti jirani, na bado jioni watu walimwambia yeye, "Pole kwa kazi." Kule Malakisi, alipokuwa anasimamia moto wa kukausha tumbaku, majani ya kwake yalitoka manjano safi, ya kwangu yalitoka kama soli za viatu. Moto mmoja, kuni zile zile.

Aliyetufundisha ziwa alikuwa mzee Ekai, Mturkana, nahodha wa kwanza wa Mama Njoki. Ekai hakuwa mtu wa maneno. Alinifundisha kusoma maji kwa kunipiga mgongoni na kasia kila nilipokosea, na alimfundisha Makokha kushika injini kwa kumfunga macho kwa shuka na kumwambia aendeshe kwa mkono wangu tu, yaani mtu wa tatu amwambie mkono wangu umefanya nini. Makokha aliendesha hivyo asubuhi nzima, amefungwa macho, anacheka. Ilipofika zamu yangu ya kufungwa, niliendesha kidogo tu nikaivuta shuka chini kwa ujanja, nione mwenyewe. Ekai aliona. Hakunipiga. Ningejua maana yake ningemwomba anipige.

Macho ya Ekai yalipoanza kuingia ukungu, Mama Njoki alisafiri mwenyewe hadi Turkana kumuuliza nani achukue boti. Nilikuwa nimeketi upande wa pili wa nyavu, wao hawanioni. Nilikuwa na hakika. Mimi ndiye niliyejua kila kisiki, kila fungu la mchanga.

"Makokha nyuma," Ekai akasema. "Wanyonyi mbele."

"Lakini si Wanyonyi ndiye anajua maji?" Mama Njoki akauliza. Mungu ambariki, aliuliza.

"Anajua. Wanyonyi anaona. Makokha anaamini. Ukiwabadilisha utakuwa na mmoja haoni na mwingine haamini."

Vijana, nilikaa nyuma ya zile nyavu hadi harufu yake ikaniingia kwenye shati. Tangu siku hiyo nilijua ninachotaka duniani. Sikutaka shamba wala nyumba ya mabati. Nilitaka kuketi nyuma, mkono wa injini kwapani, na mtu mwingine asimame juani mbele yangu. Nilitaka watu waseme Wanyonyi amefika.

Mambo yakaendelea hivyo miaka na miaka. Halafu Mama Njoki akanunua boti ya pili, ndogo, kuukuu, mtu alikuwa ameitelekeza. Akaileta kwa lori hadi uani kwake hapa Kitale, akaniambia, "Wanyonyi, hii ukiitengeneza ikasimama, ni yako kuendesha. Wewe ndio captain. Nimechoka kukuona umenuna."

Nilifanya kazi ile miezi minne. Nisikilizeni hapa, hii ni kazi ya mikono na itawafaa. Ubao uliooza usiutambue kwa macho, ugonge na nyuma ya nyundo. Mzima unalia, mbovu unanung'unika. Ukiziba nafasi kati ya mbao, pamba uisokote nyembamba, uichovye kwenye mafuta, uipige ndani kidogo kidogo, wala usiijaze kwa tamaa, kwa sababu mbao zikinywa maji zinavimba, na pamba ikizidi zitasukumana hadi misumari ing'oke. Rangi ije mwisho kabisa. Fundi anayeanza na rangi anaficha kitu. Nilibadilisha mbao tatu, nikaziba, nikapaka rangi ya buluu. Watu wa mtaa walikuja kuangalia boti katikati ya mahindi na kucheka. Mimi nilikuwa nakaa ndani yake jioni, nyuma, mahali pa nahodha, ikiwa juu ya magogo pale uani, nakunywa chai yangu. Nilikuwa na furaha ya kijinga.

Wakati huo ndio vita vya mlimani, kule juu ya Kimilili, vilikuwa vimepamba moto. Ilikuwa mwaka wa 2007. Vilikuwa vita vya mashamba, kama mlivyosikia kwa wazazi wenu, na mimi sitawaeleza nani alianza, maana kila nyumba ina jibu lake. Nitasema nilichoona. Niliona Kimilili imejaa magodoro. Shule, makanisa, veranda za maduka, kila mahali watu na magodoro na kuku waliofungwa miguu. Niliona mahindi yaliyokauka shambani na mwenyewe yuko barabarani anaomba unga.

Makokha alikuwa ameomba ruhusa kwenda kumhamisha mama yake. Alirudi Kitale baada ya wiki mbili, amekonda, akaenda moja kwa moja kwa Mama Njoki. Mimi nilikuwa pale uani nasugua boti yangu na kitambaa.

Akaeleza. Watu waliokimbia kutoka juu walikuwa wanateremka hadi mto wa mpakani wavuke upande wa Uganda, ambako wengi wana jamaa. Barabara ya darajani ilikuwa na watu wenye bunduki, haipitiki. Kwa hiyo walikuwa wanavuka chini zaidi, mahali mto unapopanuka, kwa mashina ya migomba. Mvua ilikuwa imejaza mto. Siku aliyoondoka alikuwa ameona mama na mtoto mgongoni wakienda na maji.

"Nipee hii boti ndogo, mama," akasema. "Wiki tatu tu. Mto ikishuka nairudisha."

Mama Njoki akaniangalia mimi. Hakumjibu yeye. "Wanyonyi, hii boti nilikupea wewe kwa mdomo wangu. Sasa sema wewe."

Mnajua mtu akikuuliza swali ambalo lina jibu moja tu? Ningesema nini? Nilisema achukue. Nilisema kwa sauti nzuri kabisa. Moyoni nilikuwa namwambia, Makokha, kwa nini ni wewe tu? Boti kubwa ni yako, ziwa ni lako, soko lote ni lako. Hii moja ndogo niliyoitengeneza kwa vidole vyangu, na bado umeiona.

Tuliipakia juu ya lori la mahindi. Akanishika bega. "Bakoki, twende wote. Mimi na wewe tunajuana. Unisimamie mbere."

Mbele tena, katika boti yangu mwenyewe.

"Nitakuja," nikasema. "Wacha nimalize mambo kidogo hapa."

Sikuwa na mambo. Lori likaondoka, boti ya buluu imekaa juu ya magunia kama mfalme, watu wa stendi wanapiga makofi na kuuliza kama mafuriko yamefika Kitale. Makokha anawapungia mkono. Hata hapo, walikuwa wanampungia yeye.

Habari zilianza kuja. Wapwa zangu waliokimbilia Kimilili walisema kuna mtu Lwakhakha anavusha watu bila malipo na bila kuuliza jina. Wa mlimani na wa chini, wa lugha hii na wa lugha ile, wote aliwavusha, na kwa wakati ule kutouliza jina lilikuwa jambo la ajabu. Alikuwa ameifunga kamba nene kutoka mti wa huku hadi mti wa ng'ambo, na boti ikining'inia kwenye kamba kwa pete. Akielekeza pua ya boti juu kidogo, maji yanakotoka, mto wenyewe unaisukuma ivuke. Alipakia mizigo katikati chini, akina mama na watoto nyuma, hakuna kusimama. Alikuwa anaanza kukipambazuka na kuacha kabla ya saa sita. Nilipoambiwa hayo nilisema, "Hiyo ya kuelekeza pua juu ni mimi nilimwonyesha." Na ni kweli, ni mimi.

Ikafika siku ya simu. Makokha alikuwa na tabia ya kunibip, anakatiza kabla sijapokea, ili nimpigie kwa pesa yangu. Siku hiyo alinibip mara tatu nikaiangalia tu inalia mezani. Mara ya nne ikaita hadi mwisho. Alikuwa ameazima simu ya mtu.

"Bakoki, uko aje?"

"Niko tu."

"Sikiza. Mto imejaa zaidi. Magogo inakuja kama ng'ombe ya mnada. Siwezi shika kamba, niangarie magogo, na niangarie ng'ambo na nyuma yangu. Niko na macho mawiri tu. Nakuhitaji mbere."

Nilikuwa nimeketi uani, mahali boti ilipokuwa, magogo yake bado yapo chini.

"Wanyonyi?"

"Mgongo unaniuma," nikasema. "Tangu zile mbao. Siwezi kusimama."

Nikasikia mto ukivuma kwenye simu. Nilidhani ananichunguza. Sasa najua hakuwa ananichunguza, alikuwa anafanya alichokifanya miaka yote, mkono ukinyooka kulia anakata kulia.

"Pore sana," akasema. "Basi rara, pumzika. Usibebe kitu. Ikipona unaniambia, nafasi yako iko."

Mgongo wangu haukuwa na neno lolote.

Alikufa siku ya tisa baada ya simu ile, asubuhi, jua limeshatoka. Alikuwa amevusha kundi moja na anarudi na boti tupu kuchukua lingine. Watu wenye bunduki walikuwa wameingia kwenye nyasi za ukingo wa nyuma yake. Ni akina nani, sijui, na walioniambia kwa hakika walinitajia majina tofauti. Yeye alikuwa anaangalia juu mtoni, gogo linakuja, ameshika kamba kwa mkono mmoja na upondo kwa mwingine. Walimpiga mgongoni. Boti ilibaki inaning'inia kwenye kamba katikati ya mto, yeye ndani, hadi adhuhuri ndipo watu walipothubutu kuivuta.

Kama kungekuwa na mtu mbele wa kutazama magogo, yeye angetazama nyuma. Labda wangempiga tu. Watu wema wameniambia hivyo, kwamba risasi haijali nani ametazama wapi. Nawashukuru, lakini mimi nimefanya kazi ile na najua mtu wa mbele huona nini.

Hakuzikwa kwao, maana kwao hakukufikika. Alizikwa Kimilili, kwenye shamba la mjomba wake. Nilienda na Mama Njoki. Watu walikuwa wamejaa hadi wengine wamesimama ndani ya mahindi. Kuna waliotoka Uganda wakazunguka kupitia Malaba ili wafike. Na mimi, niwaambie ukweli mpaka mwisho, nilisimama pale mbele ya jeneza la bakoki yangu na jambo la kwanza lililonijia lilikuwa wivu. Nilitazama wale watu nikawaza, mimi nikifa, ni nani atazunguka kupitia Malaba?

Mke wake, Nekesa, alinishika akalia begani mwangu. Kisha akaja mama mmoja mzee, kitambaa cha kijani kichwani, mtu wa juu mlimani, Kiswahili chake cha shida. Alikuwa ameulizia mpaka akaonyeshwa mimi.

"Wewe ndio ule mtu ya mbele?" akauliza. "Ya mgongo?"

"Ndio mimi, mama."

"Makokha iko nasema wewe kila siku. Nasema, mimi hapana ona maji, kuna mtu yangu Kitale ndio naona. Nasema yeye iko mgonjwa, mgongo, akipona atakuja, nyinyi ombeni. Sisi iko omba. Kila siku, kabla ya vuka." Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mgongo imepona?"

"Imepona, mama."

"Mungu asante," akasema, na uso wake ukafurahi kweli.

Neno lile, kwamba mwenye kuona ni mimi, nililitaka miaka kumi na moja. Nililitaka lisemwe sokoni, lisemwe ufuoni, lisemwe mbele ya Mama Njoki. Kumbe lilikuwa linasemwa kila asubuhi ukingoni mwa mto kwa watu nisiowajua, nao wakafumba macho wakaombea mgongo uliokuwa mzima.

Mwezi uliofuata Mama Njoki akaniita akanipa boti kubwa. Msidhani nilikataa. Nilipokea pale pale, kabla hajamaliza sentensi. Nikaenda Turkana, nikaketi nyuma, nikashika mkono wa injini. Kijana wa mbele akanyoosha mkono wa kulia, na mimi badala ya kukata nikainuka kwanza nichungulie nione mwenyewe kuna nini. Tukagonga kisiki. Ilinichukua mwaka kujifunza kuketi chini na kuamini mkono wa mtu. Baadaye nikawa nahodha wa kutosha tu, nimestaafu bila kuzamisha mtu, na ndiyo maana mnaniita hivyo. Nikifika ufuoni walisema, "Wanyonyi amefika." Walisema mara nyingi. Lilikuwa neno la kawaida, kama kuambiwa mvua imenyesha.

Bado namwonea wivu Makokha. Namwonea wivu kwa sababu alikuwa na mtu wa kumwamini hadi asubuhi ya mwisho, na mimi tangu wakati huo sijampata.

Basi hili ndilo ninalowapa, na mengine ya visiki na pamba mtayajua wenyewe. Utafanya kazi na mtu anayekushinda. Atapendwa kuliko wewe, na mara nyingine hatastahili. Mwonee wivu, siwezi kukukataza, mimi nilishindwa. Mtukane mkiwa wawili. Mnunie wiki nzima. Lakini akikuita, nenda, na mkasirikie huko huko ndani ya boti, umesimama mbele yake, mkono wako ukimwonyesha njia. Mimi nilimkasirikia Makokha nikiwa Kitale, nimeketi juani, nakunywa chai, na watu walikuwa wananiombea.